Timu Inapowekwa Mnadani

Mwaka 1982 jiji la Indianapolis, katikati ya Marekani, lilianza kujenga uwanja mkubwa wenye paa kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Tatizo lilikuwa moja: jiji halikuwa na timu ya kucheza humo. Meya William Hudnut na wenzake walikuwa wamepiga hesabu kwamba uwanja ukishasimama, timu ya jiji jingine itaufuata. Hesabu haikuwaangusha.

Timu yenyewe ilikuwa Baltimore Colts. Ilikuwapo Baltimore tangu 1953, na kwa wakazi wa jiji lile la bandari na viwanda vya chuma wachezaji wake walikuwa kama watu wa nyumbani. Lakini mmiliki, Robert Irsay, alikuwa amevutana na viongozi kwa miaka juu ya uwanja uliochakaa, huku akizungumza na jiji hili leo na lile kesho. Machi 27, 1984, Seneti ya jimbo la Maryland ilipitisha muswada wa kuliruhusu jiji kuitwaa timu kwa manufaa ya umma na kumlipa mwenyewe fidia, kama serikali inavyotwaa kiwanja ili kupitisha barabara. Irsay hakungoja kuona mwisho wake. Usiku wa kuamkia tarehe 29, malori kumi na tano ya kampuni ya Mayflower yaliingia kwenye kambi ya timu, yakapakia mali yote na kuondoka gizani. Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa rafiki na jirani wa Meya Hudnut. Baltimore ilipoamka haikuwa na timu.

Kilichobaki ni bendi ya timu. Sare zake zilinusurika kwa kuwa usiku ule zilikuwa kwa dobi, na wanabendi walipozichukua walikwenda kuzificha makaburini, wasije watu wa Irsay kuzidai. Kisha wakaendelea kupiga. Walipiga kwenye maandamano ya sikukuu, wakaalikwa kutumbuiza wakati wa mapumziko katika mechi za timu za majiji mengine, tarumbeta na ngoma za timu ambayo haikuwapo tena mjini kwao. Walifanya hivyo kwa miaka 12.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza swali la haki: kwa nini Baltimore haikuunda timu nyingine tu? Soka tunayoijua ina ngazi. Klabu ya mtaani ikishinda ligi ya wilaya inapanda ligi ya mkoa, na ikijaliwa, siku moja itakutana na Simba au Gor Mahia. Marekani hakuna ngazi hiyo. Ligi kubwa za kule ni vyama vya wamiliki, na wamiliki wenyewe ndio wanaoamua ziwepo timu ngapi na zikae wapi. NFL, ligi ya futiboli, ina timu 32. NBA ya mpira wa kikapu ina 30, na besiboli kubwa 30. Hakuna anayeshuka daraja hata akifungwa msimu mzima, na hakuna anayepanda hata akijenga kikosi cha dhahabu. Kila timu ni kibali, na vibali vimehesabiwa viwe vichache kuliko majiji yanayovitaka.

Hapo ndipo nguvu yote ilipo. Mradi pembeni kuna jiji moja lenye hela na lisilo na timu, kila mmiliki ana pa kutishia kwenda. Kwa miaka mingi jiji hilo lilikuwa Los Angeles, lililokaa bila timu ya NFL kuanzia 1995 hadi 2016. Katika kipindi hicho majiji mengi yalijenga viwanja vipya yakihofia kwamba yakikataa, timu yao itakimbilia California. Jiji la pili kwa ukubwa Marekani lilikuwa na faida kubwa kwa ligi likiwa halina timu.

Uingereza nayo iliwahi kuonja uchungu huu. Mei 2002, tume iliyoteuliwa na Chama cha Soka iliruhusu klabu ya Wimbledon ya kusini mwa London ihamie Milton Keynes, karibu kilomita 90 kaskazini. Mashabiki hawakuomba ruhusa ya mtu. Ndani ya wiki chache walianzisha AFC Wimbledon, wakaita wachezaji kufanya majaribio katika uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, wakaanza ligi ya daraja la tisa. Mwaka 2011 walikuwa wameshapanda hadi ligi za kulipwa, na mwaka 2020 walirudi Plough Lane, mtaa wao wa asili. Safari ile iliwezekana kwa sababu ngazi ilikuwapo. Hata Tanzania mambo haya si mageni: mwaka 2024 Ihefu, iliyokuwa klabu ya Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wamepoteza, lakini wakitaka kuanza upya njia ipo, hata kama ni ndefu. Watu wa Baltimore walifungiwa mlango.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa nusu karne, kuanzia 1903 hadi 1952, hakuna timu hata moja ya besiboli kubwa iliyohama mji. Mwaka 1953 Braves walitoka Boston kwenda Milwaukee, ambako walikuta uwanja mpya uliojengwa kwa fedha za umma, na mashabiki wakafurika. Wamiliki wengine walitazama mahesabu yale kwa makini. Baada ya msimu wa 1957 Walter O'Malley akawaondoa Dodgers Brooklyn na kuwapeleka Los Angeles, na wazee wa Brooklyn hawakumsamehe hadi walipoingia kaburini.

Kisa kinachoonyesha ukatili wa mchezo huu kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Cleveland, na kinaumiza zaidi kwa sababu waliotenda ni wale waliotendewa.

Art Modell aliinunua Cleveland Browns mwaka 1961. Miaka ya sabini alilikodi dimba kuukuu la jiji, Municipal Stadium, akawa yeye ndiye anayewapangisha timu ya besiboli ya mji huohuo. Kisha mwaka 1990 wapiga kura wa kaunti walikubali kodi ya pombe na sigara ili kujenga uwanja mpya wa besiboli na ukumbi wa mpira wa kikapu. Vyote viwili vilifunguliwa 1994. Timu ya besiboli ikahama na kodi yake ya pango, na wafanyabiashara waliokuwa wakilipia vyumba vya heshima kwa Modell wakaifuata. Jiji lilikuwa limejenga kwa ajili ya wengine, naye akabaki na jengo la zamani na madeni.

Wakati huohuo Baltimore, baada ya miaka zaidi ya kumi ya unyonge, ilikuwa na fedha mkononi. Jimbo la Maryland lilikuwa limetenga mapato ya bahati nasibu kwa ajili ya viwanja. Ahadi kwa Modell ilikuwa uwanja mpya na kutolipa kodi ya pango kwa miaka 30. Novemba 6, 1995, akiwa amesimama kwenye maegesho ya magari karibu na uwanja wa besiboli wa Baltimore pamoja na Gavana Parris Glendening, alitangaza kwamba Browns wanahamia huko.

Kesho yake, Novemba 7, watu wa Cleveland walipiga kura. Swali lilikuwa limepangwa mapema: je, kodi ya pombe na sigara iendelee, ili uwanja wa Modell ukarabatiwe? Asilimia 72 walisema ndiyo. Inafaa kutulia hapo kidogo. Watu waliokuwa wamesikia siku iliyotangulia kwamba timu yao imeuzwa kwa mji mwingine walitoka asubuhi, wakapanga foleni, wakakubali kujitoza kodi kwa ajili yake. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo wa jinsi mapenzi ya mashabiki yanavyoweza kukamuliwa.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilichezwa Desemba 17 dhidi ya Cincinnati Bengals. Browns walishinda 26 kwa 10. Jukwaa la upande mmoja wa uwanja ndilo lililokuwa maskani ya mashabiki wa tiketi za bei nafuu, waliokuja wamevaa sura za mbwa. Siku hiyo waliyang'oa mabenchi safu kwa safu na kuyarusha uwanjani. Filimbi ilipolia wachezaji walikwenda jukwaani kuwakumbatia, wanaume wazima wakilia begani kwa watu wasiowajua kwa majina.

Cleveland ilikwenda mahakamani na kupata kitu ambacho Baltimore haikupata: jina, rangi na historia ya Browns vilibaki mjini, na mwaka 1999 ligi ikatoa kibali cha timu mpya, katika uwanja mpya, uliolipiwa kwa sehemu kubwa na umma. Timu ya Modell ikaitwa Baltimore Ravens, na ile bendi ya miaka 12 hatimaye ikapata timu ya kuipigia. Ni vigumu kutowafurahia wale wapiga tarumbeta. Ni vigumu pia kusahau kwamba furaha yao ililipwa na Cleveland.

Je, mji unarudishiwa fedha zake? Hoja ya wamiliki haibadiliki: uwanja utaleta ajira, hoteli zitajaa, mtaa uliokufa utafufuka. Wanauchumi wameipima hoja hii kwa miongo, na ni nadra kuwakuta wakikubaliana kiasi hiki juu ya jambo lolote. Mwaka 1997 Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri kitabu kizima cha tafiti juu ya viwanja na ajira, na hawakukuta hata uwanja mmoja wa karibuni ulioonekana kurudisha gharama zake kwa maana ya uchumi wa mji. Sababu haihitaji digrii. Familia inayotumia dola 300 kwenye mechi Jumapili ni familia ambayo haikuzitumia kwenye mgahawa wa jirani au sinema Jumamosi; hela imehama mfuko ndani ya mji uleule, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye mishahara ya wachezaji ambao wengi hawaishi hapo mwaka mzima. Isitoshe timu ya NFL inacheza nyumbani mechi nane au tisa tu katika msimu wa kawaida. Ajira zinazobaki ni za kuuza bia na kuelekeza magari, siku tisa kwa mwaka.

Serikali kuu nayo ilitia mkono wake, tena kwa nia njema. Majiji ya Marekani hukopa kwa kuuza hatifungani zisizotozwa kodi ya mapato, ndiyo maana riba yake ni ndogo. Mwaka 1986 Bunge lilitaka kuzuia nafuu hiyo isitumike kwa viwanja. Sheria ikasema hatifungani zitapoteza msamaha wa kodi ikiwa zaidi ya asilimia 10 ya deni itatoka kwenye mapato ya uwanja wenyewe. Wabunge walidhani hakuna jiji litakalokubali kulipa asilimia 90 kutoka mfukoni. Majiji yalikubali. Sheria ya kuzuia ruzuku ikawa ndiyo inayolilazimisha jiji kumwachia mmiliki karibu mapato yote ya uwanja, na deni likaangukia kodi za wananchi.

Mambo mazito lakini yamefichwa ndani ya mikataba, mahali ambapo mpiga kura hafiki. Cincinnati ni mfano. Machi 1996 wakazi wa Kaunti ya Hamilton walikubali kuongeza nusu senti kwenye kila dola ya mauzo ili kujenga viwanja viwili, huku wakiahidiwa punguzo la kodi ya nyumba. Mkataba na Bengals uliifunga kaunti kununua vifaa vipya kila vinapotokea kwenye viwanja vingine vya ligi, na orodha ilifika hadi kwenye mitambo ya kurudia matukio kwa picha za holografia, kitu ambacho hakikuwa kimebuniwa. Mapato ya kodi yalipopungua, kaunti ilikata huduma, ikapunguza lile punguzo la kodi ya nyumba, na mwaka 2011 ikauza hospitali yake.

St. Louis ilifungwa kwa sentensi moja. Ili kuwavuta Rams kutoka Los Angeles mwaka 1995, ilijenga ukumbi wenye paa kwa fedha za umma na kutia saini kwamba ifikapo 2005, na tena 2015, ukumbi huo uwe miongoni mwa robo ya juu ya viwanja bora vya NFL. Lakini kila uwanja mpya uliojengwa Dallas au Indianapolis uliushusha ule wa St. Louis kwenye orodha hata kama hakuna bati lililovuja. Jiji liliposhindwa kulitimiza sharti lile, mkataba ulilegea, na Januari 2016 wamiliki wa ligi walimruhusu mwenzao Stan Kroenke, mmiliki wa Rams, airudishe timu Los Angeles. Jimbo, jiji na kaunti wakaendelea kulipa deni la ukumbi usio na timu. St. Louis ilishtaki, ikidai ligi ilivunja kanuni zake yenyewe za kuhamisha timu, na Novemba 2021 NFL na Kroenke walikubali kulipa dola milioni 790 ili kesi isifike kwenye baraza la wazee wa mahakama. Ligi yenye mawakili wa daraja lile hailipi kiasi hicho kwa kumhurumia mtu.

Oakland ilipoteza timu tatu ndani ya miaka mitano. Raiders wa futiboli walikuwa wameshaondoka 1982 na kurudi 1995, baada ya jiji na kaunti kukopa karibu dola milioni 200 kupanua uwanja. Waliondoka tena kwenda Las Vegas mwaka 2020, kufuata dola milioni 750 za kodi ya hoteli, na Oakland ikawa bado inalipa mkopo wa 1995. Warriors wa mpira wa kikapu walikuwa wamevuka ghuba kwenda San Francisco mwaka 2019. Wakabaki Athletics wa besiboli. Mmiliki John Fisher alipunguza gharama hadi timu ikawa kati ya dhaifu kuliko zote, kisha uchache wa watazamaji ukatajwa kuwa sababu ya kuhama. Juni 13, 2023, mashabiki waliamua kujibu kwa kuujaza uwanja badala ya kuususia. Walifika watu 27,759, wengi wakiwa wamevaa fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze. Siku hiyohiyo Seneti ya Nevada ilipitisha dola milioni 380 za kuwajengea Athletics uwanja Las Vegas. Mechi ya mwisho Oakland ilikuwa Septemba 26, 2024, na tiketi zote ziliisha.

Kuna mji mmoja ambao hakuna anayeweza kuutishia. Green Bay, Wisconsin, una wakazi wapatao laki moja, mdogo kuliko mji wowote wenye timu ya NFL. Tangu 1923 timu yake, Packers, ni shirika lisilo la faida linalomilikiwa na wanahisa, ambao leo wamepita laki tano. Hisa hazilipi gawio na haziuziki sokoni kwa faida. Kwa miongo mingi katiba ya klabu ilisema kwamba ikitokea timu ikauzwa, fedha zitakazobaki ziende kwa chama cha maveterani wa vita wa hapohapo ili wajenge kumbukumbu ya askari. Hakuna tajiri anayeweza kupata senti kwa kuihamisha, basi haihami. Si kwamba haina gharama: mwaka 2000 wakazi wa Kaunti ya Brown walikubali kodi ya nusu senti kukarabati uwanja wa Lambeau Field, kwa kura zilizokaribiana. Lakini walijadiliana na watu wao wenyewe, bila kuonyeshwa lori mlangoni, na kodi hiyo ilifutwa mwaka 2015.

Mfano unaofaa namna hii ungepaswa kuigwa. NFL imeupiga marufuku. Packers wameachwa kwa kuwa walitangulia sheria. Besiboli nayo ilionyesha msimamo wake pale Joan Kroc, mjane wa mwanzilishi wa himaya ya McDonald's, alipotaka kulizawadia jiji la San Diego timu yake ya Padres bure. Wamiliki wenzake hawakuruhusu. Mji wenye timu yake hautishiki, na vitisho ndivyo vinavyolisha biashara yote.

Kwa hiyo miji imebaki kupambana kwa kura, na kura peke yake haitoshi pale jirani anapopanda dau. Aprili 2024 wapiga kura wa Kaunti ya Jackson, Missouri, walikataa kwa asilimia 58 kuendeleza kodi kwa miaka 40 kwa ajili ya viwanja vya Chiefs wa futiboli na Royals wa besiboli, ingawa Chiefs walikuwa wametwaa ubingwa miezi miwili tu kabla. Mwezi Juni jimbo la Kansas, ambalo mpaka wake unapita katikati ya makazi yale, lilipitisha sheria ya kugharamia hadi asilimia 70 ya uwanja mpya kwa hatifungani. Missouri ikajibu mwaka 2025 kwa kuahidi hadi nusu. Desemba mwaka huo Chiefs walitangaza kwamba wanavuka kwenda Kansas.

Seattle ilikwenda njia nyingine, na inastahili kutazamwa na kila diwani anayeletewa michoro ya uwanja. Novemba 2006, asilimia 74 ya wapiga kura walipitisha sheria kwamba jiji lisiweke fedha kwenye uwanja wa timu ya kulipwa ila kama zitarudisha faida isiyopungua ile ya hatifungani za serikali kuu za miaka 30. Miezi michache kabla, timu ya kikapu ya SuperSonics, iliyokuwapo tangu 1967, ilikuwa imenunuliwa na kundi la Clay Bennett wa Oklahoma City kwa dola milioni 350. Bennett aliomba ukumbi wa dola milioni 500 katika kitongoji cha Renton. Bunge la jimbo likakataa. Julai 2008 alilipa jiji dola milioni 45 kuvunja mkataba na kuondoka na timu. Ilikuwa hasara halisi, na watoto waliokua wakivaa fulana za kijani na njano mpaka leo ni watu wazima wasio na timu ya NBA.

Lakini sheria haikuguswa. Jiji lilipotafuta mtu wa kukarabati ukumbi wake wa zamani, wawekezaji walikuja na fedha zao, zaidi ya dola bilioni moja, wakalihifadhi paa lililojengwa kwa maonesho ya dunia ya 1962 na kuchimba ukumbi mpya chini yake. Ulifunguliwa Oktoba 2021 pamoja na timu mpya ya magongo ya barafu, Kraken. Ardhi na jengo vimebaki mali ya jiji, na wakuu wa NBA wanapozungumzia kuongeza timu, Seattle ni miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa.